Gari la Kuazimwa

Jumanne ya pili baada ya mazishi ya mkewe, Bwanaheri Alawi alipanda basi la asubuhi kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam kuchukua gari la kuazimwa. Ilikuwa mwaka 1969. Gari alilokuwa akitumia katika biashara yake ya mbata halikuwa lake. Lilikuwa la kampuni, naye alilikodi kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mkataba ulisema kwamba likiharibika ndani ya dhamana, kampuni italitengeneza, na siku hiyo hiyo itampa jingine la kutumia. Giaboksi ilikuwa imevunjika siku kumi na moja zilizopita.

Karani wa kampuni, Mwishehe, mtu mpole mwenye miwani, alilizunguka gari pamoja naye uani. Lilikuwa la buluu, na kiti cha nyuma kirefu. Wakaandika mkwaruzo wa mlango wa kushoto, wakaangalia jeki na tairi la akiba. Kwenye kiti cha nyuma alikaa Tabia, mkewe Bwanaheri, amejitanda kanga zake za kisutu, mikono mapajani.

"Na huyu?" Bwanaheri akauliza.

"Huyo huja na gari," Mwishehe akasema. "Tia saini hapa chini, mzee."

Akatia saini.

Wakaiacha Tegeta nyuma.

"Umekonda, Baba Ashatu," Tabia akasema. "Nani anakupikia?"

"Dada."

"Wifi Zaina anatia chumvi kama anakausha papa."

Bwanaheri akacheka, kisha ikambidi apangushe macho ili aione njia.

Walipofika Kerege akapunguza mwendo. Hapo ndipo gari lilipowafia ile Ijumaa, alipokuwa akimpeleka Tabia hospitali ya Dar es Salaam, tumbo limemshika tangu usiku. Alimwacha na Zaina chini ya mkorosho, akadandia lori la mchanga mpaka kwenye kampuni. Akaambiwa magari ya kuazima yote yametoka. Aliporudi na lori jingine ilikuwa alasiri, na Zaina alikwisha kumfunika.

"Pita tu," Tabia akasema. "Hapa nimepaona vya kutosha."

Nyumbani Zaina alitoka na buli la kahawa, akampa wifi yake kikombe dirishani. Ashatu, binti yao, alisema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaulizwa kwa nini hajasuka. Tabia alijaribu mara mbili kushuka. Kila alipokanyaga chini alijikuta amekaa upande wa pili wa kiti, mlango umefungwa. Basi wakaliacha jambo hilo. Bwanaheri akaegesha gari karibu na dirisha la jikoni, ili Tabia aweze kuelekeza mapishi.

Ziliwajia siku njema. Asubuhi walikwenda Mlingotini kutazama mbata zikikauka, na wenye minazi walimsalimu Tabia kabla ya kutaja habari ya magunia. Siku nyingine walikwenda Kiwangwa kwa mananasi. Njiani Tabia alikumbuka mambo ambayo Bwanaheri alidhani amebaki nayo peke yake: jinsi alivyoletwa bibi harusi kutoka Pangani juu ya lori la mkonge, godoro lake limefungwa kwa kamba, jinsi shangazi yake aliyemsindikiza alivyotapika njia nzima, halafu akafika na kuimba kuliko wote, jinsi chumba chao cha kwanza kilivyonuka karafuu za mpangaji aliyehama, mpaka nguo za mtoto nazo zikanukia.

"Ulikuwa na shati la mistari," alisema. "Ulivyonifungulia mlango, kifungo kimoja hakipo."

"Nilikitafuta asubuhi nzima."

"Ningekishona. Ulikuwa unaona haya kuniambia."

Alimweleza Ashatu kipini cha dhahabu alikifukia katika kopo gani la mchele. Akamwomba Zaina msamaha kwa neno alilomwambia mwaka wa njaa, na Zaina akasema halikumbuki, ingawa alilikumbuka.

Siku ya kumi na tisa ilifika barua kwamba gari limetengenezwa. Tabia alisubiri Bwanaheri aikunje.

"Gari hili lilikuwapo siku ile," akasema. "Lilikuwa pale uani, limeoshwa. Walikuwa wamewawekea wageni wa meneja, waende kuogelea Jumapili."

"Umejuaje?"

"Ukikaa ndani ya gari, unajua limekuwa wapi."

Kesho yake Bwanaheri alilirudisha gari, akamuuliza Mwishehe. Karani akafungua faili, akasoma, akavua miwani.

"Ni kweli, mzee. Lilikuwapo. Lakini lilikwisha kuandikiwa watu."

"Ilikuwa Ijumaa. Mke wangu alinifia njiani."

"Pole sana. Ila dhamana ni ya injini, giaboksi na ekseli." Akamgeuzia karatasi aone mwenyewe. "Abiria hawamo."

Bwanaheri akaomba aachiwe lile la buluu, wachukue hilo walilolitengeneza. Mwishehe akasema magari ya kuazima hayakodishwi. Hakulisema kwa ubaya. Alimletea hata chai.

Uani, Bwanaheri aliinama dirishani mwa gari. Tabia akamnyooshea ukosi wa shati.

"Ashatu asiolewe mbali," akasema.

Gari lililotengenezwa lilikwenda vizuri sana. Kila asubuhi Bwanaheri alisikiliza giaboksi, akitumaini mlio wowote. Aliliingiza mashimoni bila kupunguza mwendo. Halikukwaruza wala halikukohoa mpaka mwezi ulioandikwa kwenye mkataba ukapita, dhamana ikaisha.

Mwezi wa pili baada ya hapo, gari la buluu lilisimama sokoni Bagamoyo. Aliyeliendesha alikuwa Mrisho, mkulima wa Kiwangwa, ambaye naye alikodi kwa kampuni ile na gari lake lilikuwa gereji. Nyuma, pembeni ya Tabia, alikaa mzee mmoja mwanamume ambaye Bwanaheri hakumjua. Mrisho akasema ni marehemu baba yake.

Tabia akateremsha kioo.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Muhogo wa nazi. Ashatu kapika."

"Chumvi?"

"Kiasi chake."

Mrisho akaomba radhi, akasema kampuni inalitaka gari kabla ya adhuhuri. Bwanaheri akampa mkono yule mzee, akamwambia mkewe apandishe kioo kwa sababu ya vumbi, akasogea kando ili wapite.