Kikao Kuhusu Kisogo

Kinyozi huyu hakuzaliwa mbishi. Alitiwa ubishi na aproni ya njano. Walikuwa vinyozi watatu katika chumba kimoja: mmoja Mwenyekiti, mwingine Katibu, na yeye, kwa kuwa vyeo vilikwisha, wakamwita Wananchi. Kila jambo lilipigiwa kura, na likishapita lilimfunga kila mwanachama. Mwenyekiti alipenda njano, Katibu hakuwahi kumpinga Mwenyekiti, basi Wananchi akavaa njano mwaka mzima. Mwishowe akatundika pazia katikati ya chumba na kutangaza, "Kuanzia leo, kila mtu na lake."

Mambo yalimnyookea mpaka asubuhi ya harusi ya binti yake.

"Baba, wewe ndiye utakayeniingiza ukumbini," binti alimwambia. "Nywele hizo zitengeneze. Usinitie aibu."

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, lakini wahenga nao Wananchi aliwashuku kuwa ni chama. Akashika mashine, akasimama kati ya vioo viwili. Kioo kikimwonyesha kulia, mkono unakwenda kushoto. Alipomaliza, kisogoni palikuwa na njia ya kupita mbuzi wawili. Ukumbi mzima ungekitazama kisogo kile.

Akafunua pazia. "Jamani, nisaidieni."

"Hilo ni jambo la kikao," alisema Mwenyekiti, akibana kicheko. "Na kikao hakitimii bila watu watatu. Tangu ututoke hatujaweza hata kupitisha ufagio mpya. Umo au humo?"

Wananchi akatazama nywele zilizojaa sakafuni. "Nimo."

Akapendekeza apunguzwe kidogo tu. Mwenyekiti akapendekeza kipara. Kura mbili kwa moja. Wembe ukapita, naye akajiona kiooni, akatamani kulia.

Kisha akainuka, akakipangusa kiti.

"Kikao kimepitisha kipara," alisema kwa upole. "Na kikipitisha, kinamfunga kila mwanachama. Mwenyekiti, karibu ukae."

Mwenyekiti akazishika nywele zake, alizozilea kuliko watoto. "Ndugu yangu, kwenye nywele, mimi naona kila mtu na lake."

"Tupige kura: kipara kwa wote," alisema Wananchi, akanyoosha mkono.

Katibu aliitazama aproni aliyovaa. Ile aproni ya njano naye hakuwahi kuipenda. Akanyoosha mkono.

Jioni, binti aliingia ukumbini na baba yake, na nyuma yao vipara vya Mwenyekiti na Katibu vikimeremeta. Wageni wakadhani ni desturi ya ukoo, wakasimama kwa heshima. Hakuna aliyecheka ila bibi harusi, aliyecheka mpaka wanja ukamtiririka, huku ameushikilia mkono wa baba yake.