Ngonjera ya Mina

Tangu Mina aanze shule pale njiani kuelekea Kerege, mwalimu mkuu Mwinyimvua alikuwa akimwita "mtoto wetu maalumu," na kila alipolisikia neno hilo, Habiba, mama yake Mina, alisonya kimoyomoyo. Umaalumu wenyewe ulikuwa kubaki darasani peke yake na kiti chake cha magurudumu, wenzake wakienda michezoni. Maneno matamu hayajengi kitu.

Lakini siku ya mahafali ya darasa la saba, Mina alikuwa na kazi. Ngonjera ni ya kujibizana, na upande wa kujibu alipewa yeye, maana shule nzima hapakuwa na sauti kama yake. Wiki nzima nyumbani alikuwa haongei ila kwa vina. Asubuhi hiyo Habiba alimsukuma akitembea kifua mbele, wakafika, wakakuta jukwaa limeinuliwa usawa wa kiuno, lina ngazi tu.

"Shikamoo, mwalimu. Huyu atapandaje?"

"Marahaba, Mama Mina. Ondoa shaka. Yeye tumemwandalia mambo mazuri zaidi."

Mambo mazuri yenyewe yalikuwa mfuko wa mchele. Kabla ya ngonjera, mgeni rasmi aliteremka jukwaani akitota jasho ndani ya suti, akambwagia mtoto mchele mapajani, kisha akaigeukia kamera.

"Utuombee dua, mwanangu," akasema, kama anayetoa sadaka ya Ijumaa mlangoni mwa msikiti.

Watu wakapiga makofi. Mtoto kaja kughani, wao wamemgeuza ombaomba mwenye sare! Habiba alitamani ardhi ipasuke, si immeze yeye, bali immeze Mwinyimvua na tai yake.

"Sasa ngonjera!" mwalimu mkuu akatangaza. "Dija atauliza na kujibu mwenyewe."

Dija, rafiki yake Mina, alimtazama mwenzake kule chini. Akashuka ngazi. Darasa zima likamfuata, wakamzunguka Mina, mgeni rasmi wakampa migongo.

"Rudini jukwaani! Mnatutia aibu!"

"Mwalimu, anayejibu yuko huku," Dija akasema. Akamtua Mina ule mchele, akaanza:

"Elimu ina faida, nani atuelezee?"

Mina akavuta pumzi. Jibu alilokariri lilikuwa la kuisifu shule na uongozi wake, na Habiba alilijua neno kwa neno. Mtoto akaliacha, akaghani lake:

"Kama shule ni ya wote, mbona njia siioni?"

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Mwinyimvua. Hakuwa amesikiliza hata neno. Macho yake yote yalikuwa usoni mwa mgeni rasmi. Alipotambua kuwa anapiga peke yake, mikono ikamganda kifuani.

"Rudia, mwanangu," Habiba akapaza sauti kutoka nyuma. "Mwalimu kaipenda."