Muhuri Chini ya Mafiga

Aliyetunga sheria ile sidhani kama aliwahi kuwa na shefu. Inasema hivi: mtumishi wa serikali akionewa na mkubwa wake, ampelekee kwanza mkubwa huyohuyo barua ya malalamiko, ndani ya miezi mitatu, na arudishiwe nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hukusema kitu. Muda ukipita, umekubali.

Nilikuwa mtunza ghala katika ofisi ya kilimo, Uvira. Shefu wangu, Anastase, mkuu wa ofisi ile, alichukua mahindi ya mbegu, yale yaliyopakwa dawa nyekundu ili wadudu wasiyaguse, akayaosha na kuyauza mtaani Kasenga kama chakula. Jirani yangu wa Kilibula, Gloriose, mkulima aliyekimbia bonde la Ruzizi katika vita ya kwanza, alinunua kidogo, akasaga, akampikia mwanawe bugali. Mtoto alikuwa wa pekee, jina lake Itangishaka. Alianza kutapika mchana, na kabla ya jua kuzama tulikuwa tumemfunika. Zahanati waliandika malaria. Mtaa mzima ulikuwa ukimwita mama yake Mama Itangishaka. Tangu siku ile wakaanza kumwita Gloriose, maana jina la mtoto liliwashinda kulitamka. Hata mimi.

Lakini sikunyamaza. Niliwaandikia wakaguzi wa mkoa. Jibu lilikwenda kwa Anastase, si kwangu, na mwezi wa saba nikafukuzwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Nikaandika malalamiko yangu, na ndani yake nikaeleza mtoto alivyokufa na jina lake, kwa sababu hakuna karatasi nyingine ya serikali iliyosema hivyo. Gloriose hakujua kusoma. Aliniomba nimwonyeshe jina lilipo, akaweka kidole hapo, akakiacha muda mrefu.

"Wakipiga kashe," aliniambia, akimaanisha muhuri, "hawatasema tena hawakujua."

Anastase alikataa kuipokea. Nikarudi, akakataa tena. Kisha vita ya pili ikaingia. Yeye akavuka kwenda Bujumbura na familia yake, sisi tukakimbilia milimani, tukarudi miguu imevimba. Waasi, wenye mji wapya, walikuwa na ofisi zao na mihuri yao, lakini iliyonifukuza ni serikali ile nyingine, ya Kinshasa. Muda wangu ulikuwa unaisha kesho yake niliposikia kwamba Onesphore, sekretari wetu, hakukimbia, na muhuri wa ofisi anao.

Tulimwendea mimi na Gloriose, mvua za kwanza zinanyesha. Alitufungulia mlango nusu, akaniambia:

"Mama Pétronille, weye unataka waniuwe? Wakinikuta na kashe ya Kinshasa, minye nimekwisha."

Nilikuwa nimechoka kubembeleza watu. Nilitaka kumwambia anipishe niende zangu. Gloriose akasogea mbele.

"Papa Onesphore, minye sikukuya juu ya kazi. Nilikuya juu ya mutoto."

Onesphore alitazama chini, kisha akatuongoza hadi jikoni, kibanda cha nyuma ya nyumba. Alikuwa ameufukia muhuri kwenye kona, umefungwa katika mfuko wa plastiki, bila kumwambia mkewe, Agnès, ili hata akiulizwa asiwe na la kusema. Mlangoni akasimama kama aliyepigwa. Mafiga matatu yalikuwa kwenye kona ileile, na chungu cha maharage kinachemka juu yake.

"Agnès, nani alisogeza mafiga?"

"Ni minye. Kule kunavuja. Kuko nini?"

Onesphore aliepua chungu, akamwagia moto maji, akachimba kwa jembe. Mpini wa muhuri ulikuwa mzima. Mpira wake ulikuwa umejikunja na kugandana na plastiki. Akaupaka wino hivyohivyo, akaugandamiza kwenye nakala yangu kwa nguvu zake zote. Likatoka doa jeusi, halina herufi hata moja. Nilicheka, kicheko cha mtu aliyeishiwa. Agnès alianza kulia, akisema angeambiwa tu, angepika uani na mvua yake.

Onesphore alichukua kalamu. Chini ya doa akaandika kwamba amepokea, tarehe, cheo chake, jina lake lote, akaweka sahihi. Jina lile lingetosha kumuua, na alijua.

"Biro ni minye sasa," alisema, maana ofisi nyingine haikuwapo, akanirudishia karatasi.

Miaka mitano baadaye nchi ikaunganishwa, na tume ikaja Uvira kusikiliza watumishi waliofukuzwa. Anastase alikwishapewa ofisi kubwa zaidi Bukavu. Onesphore alikuwa amekufa kwa ugonjwa, hivyo hakuna wa kuitetea sahihi yake. Karani wa tume aliinua nakala yangu kwenye mwanga wa dirisha, akauliza doa lile ni nini. Nikamwambia ni muhuri. Akasema, bila ubaya wowote, kwamba muhuri usiosomeka si muhuri, kwa hiyo sikupeleka kitu, kwa hiyo muda ulipita, vita au si vita.

Ila hata kukataa kunaandikwa, na ili aandike ilimbidi asome. Alisoma haraka, midomo ikicheza, mpaka mahali fulani akapunguza mwendo. Akarudi nyuma, akasoma tena.

"Huyu Itangishaka ni nani?"

Gloriose aliinuka kwenye benchi la nyuma.

"Ni mutoto wangu."

Karani akavuta daftari karibu.

"Na weye unaitwa nani, mama?"

Alinyoosha kitenge chake kwanza, taratibu, kana kwamba anaingia kanisani.

"Mama Itangishaka," alisema, na karani akaandika hivyohivyo, chini ya neno imekataliwa.