Magadi ya Kampuni

Usijitetee, ulipita. Ulikuwa unatoka Korogwe kwenda Handeni, ukaiona haradali ya kampuni imechanua njano upande wa Sindeni, ukapunguza mwendo, ukapiga picha. Walipoanza kuichoma ukapandisha kioo cha gari. Basi. Mchango wako ndio huo, kupandisha kioo.

Chini ya ule moshi alikuwepo Hamisa, kibarua, mjane wa miaka hamsini na mitatu, na reki mkononi. Kampuni ilikuwa imewaeleza vibarua wake kwa lugha tamu. Wachimbaji wadogo walisafisha dhahabu hapo miaka kumi, wakaacha vilima vya marudio, mchanga wenye dhahabu kidogo mno isiyolipa gharama ya mashine. Sasa mmea utafanya kazi hiyo: mizizi inyonye, majani yabebe, yachomwe, dhahabu itafutwe kwenye majivu. Mwakani wataleta na bakteria wa kutafuna mawe yenyewe. Hakuna mashimo, hakuna zebaki, kila kitu salama.

Wenye kumbukumbu waliguna. Dawa ya pamba nayo iliitwa salama, watu wakachotea maji madebe yake. Maji ya mkonge yaliachiwa mtoni, samaki wakaelea, tukaambiwa ni joto.

Onyo la kampuni lilikuwa moja, limeandikwa kwa rangi nyekundu: usile majani, usilishe mifugo. Wanawake walilitii. Ulipita mwezi mzima wa njaa, haradali imejaa mbele ya macho yao, hakuna aliyechuma jani. Mbuzi walifungwa kamba.

Lakini majivu? Nani Uziguani anatupa majivu? Magunia yalipokwisha kujazwa, Hamisa alizoa yaliyobaki chini, akayafunga kwenye kanga, akafanya alivyofundishwa na mama yake: kopo lililotobolewa kitako, majivu ndani, maji juu, sufuria chini. Yakadondoka magadi makali, mekundu kama chai, ya kulainisha kunde na kuuvuta mlenda ukashuka kooni wenyewe. Majirani wakaja na vikombe. Aliyeyapenda kuliko wote alikuwa Amne, mke wa mwanawe, mwenye mimba, ambaye kila chakula kilimrudi isipokuwa mlenda wa mkwewe. Alikula miezi miwili, mchana na jioni.

Kisha kampuni ikapima magunia, ikaona majivu hayafikii hesabu yake, ikaitisha mkutano. Msimamizi wake, kijana wa Lushoto aitwaye Simeo, alisema majivu yameibwa. Akaeleza na kwa nini yanauma kuibwa: yamebeba dhahabu na vyuma vingine.

Vyuma vingine. Hamisa alitaka kuuliza ni vipi. Kuuliza ni kujitaja mwizi, tena mbele ya Mhina, mwenyekiti wa kijiji, aliyekaa upande wa wageni na soda yake mkononi. Akamtazama Amne, amenyoosha miguu chini, anajipepea kwa ncha ya kanga. Akasimama.

"Majivu nilichukua mimi," alisema. "Tukafanya magadi, tukala. Sasa niambie, baba, hivyo vyuma vingine ni vipi?"

Nyuma mwanamume mmoja akasema choo cha Hamisa sasa kikatiwe leseni ya uchimbaji, na watu wakacheka. Simeo hakucheka.

"Mama, mmekula?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Si tuliandika msile?"

"Mliandika majani."

Simeo akaenda pembeni kupiga simu. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Vipimo vya majivu vipo, alisema, lakini ni siri ya kampuni, na jina la Hamisa limeandikwa kwa kosa la wizi. Mhina akatikisa kichwa kukubali, juu chini, kama mjusi ukutani.

Kesho yake Hamisa alimpeleka Amne Korogwe, chupa ya magadi kwenye kikapu. Muuguzi Josefina alimsikiliza mpaka mwisho, akanusa ile chupa, akaifunga. Alimwambia Amne asionje tena kitu hicho. Damu angeweza kuituma mbali ikapimwe, lakini huko huuliza kwanza watafute sumu gani.

"Niletee karatasi ya vipimo vyao, mama, hata picha yake," alisema. "Nikijua jina la sumu, nitajua pa kumpeleka."

Karatasi moja! Imo kabatini, ofisi ya kampuni, hatua chache kutoka barabarani. Hamisa ameifuata mara tatu. Mara ya tatu mlinzi alimwambia wezi hawapokelewi. Na Amne vidole vya miguu vimeanza kufa ganzi, hajui kavaa ndala au hajavaa, mimba imeingia mwezi wa saba.

Jumatatu saa mbili asubuhi Hamisa anarudi pale getini. Peke yake watamfukuza tena, wewe unajua na mimi najua. Kama jikoni kwako yamo magadi ya majivu hayo, yamwage leo, mbali na kisima. Mwambie jirani ayamwage. Kisha Jumatatu njoo usimame naye, uidai karatasi kwa sauti, wala usiondoke mpaka itoke. Usingoje mtoto azaliwe ndipo uje kumtazama. Njoo sasa.