Mkia wa Foleni

Kosa la Mtakwimu lilikuwa neno moja tu. Aliingia ofisini kwa Mkurugenzi wa hospitali, akaketi ukingoni mwa kiti, akasema, "Mzee, takwimu za foleni ya wagonjwa wa macho si za kawaida."

Mkurugenzi akavua miwani. "Nani kasema hospitali yangu si ya kawaida?"

Masikini, mwenzetu alikuwa anazungumzia umbo la takwimu. Wafadhili walitaka kipimo cha kulinganisha wastani, kuthibitisha kwamba utaratibu mpya wa foleni umeleta nafuu. Kipimo chenyewe hudhani takwimu zimekaa kama kichuguu: wengi katikati, wachache huku na wachache kule. Hiyo ndiyo kawaida ya wataalamu. Sasa foleni ya macho ilikuwa kichuguu wapi! Wengi walitibiwa asubuhi, halafu ukafuata mkia mrefu wa watu waliokaa kwenye benchi mpaka jioni, wakaambiwa warudi kesho.

"Kuna vipimo vingine visivyojali umbo," Mtakwimu akasema.

"Wafadhili wanakijua hiki. Huo mkia haukatiki?"

"Ni watu, Mzee."

"Watu wasio wa kawaida. Umesema mwenyewe."

Hapo mtu mzima husema hapana. Tena huyu alikuwa na sababu: ndani ya mkia ule alikuwamo mama mkwe wake, jicho moja limeshakufa, la pili linafifia, na daktari kaonya kwamba likicheleweshwa ndiyo basi tena. Lakini mkataba wa kazi ulikuwa unakaribia kwisha, na Mkurugenzi ndiye mwenye kalamu. Mimi simtetei. Akaufyata mkia wake, akaukata wa wenzake. Takwimu zikatulia, kipimo kikakubali, na utaratibu mpya ukaonekana umefanya maajabu.

Mkurugenzi kwa furaha akabandika tangazo mlangoni: utafiti umethibitisha kwamba hakuna mgonjwa anayengoja kupita saa sita mchana. Mlinzi naye si mtu wa kubishana na maandishi. Saa sita ilipofika akawainua wote waliobaki, kisha akaondoa na benchi lenyewe.

Jioni Mtakwimu alimkuta mama mkwe sebuleni, mkoba bado begani.

"Shikamoo, mama. Wamekuhudumia?"

"Marahaba, mkwe wangu. Wapi! Wamesema kuna mtaalamu kapiga hesabu zake, akaona hakuna mtu anayengoja mchana. Nikaona haya kubishana na msomi." Akatabasamu kuelekea dirishani, akidhani ndiko aliko mkwewe. "Wewe si unafahamiana na wasomi wa pale? Hebu nikumbushie kwa huyo mtaalamu. Pengine alinisahau tu."

Mtakwimu akampokea mkoba.

"Nitamwambia, mama," akasema.