Kitanda cha Mzee Onno

Volkmar na jirani yake Gerd walikuwa wamekwisha kukinyanyua kitanda, mmoja kichwani, mmoja miguuni, Heilke alipotokea mlangoni na penseli sikioni.

"Mnakipeleka wapi?"

"Kwa Gerd, chumba cha chini anakoweka viazi. Afisa wa kodi akiondoka tu kinarudi, mke wangu."

"Shemeji, usiwe na wasiwasi," Gerd akasema akihema. "Mtaa huu hakuna kitanda kinachokaa nyumbani siku ya afisa. Cha kina Renken nimekihifadhi mimi."

Heilke alikuwa mchoraji wa mabomba ya vinanda vya kanisani. Karakana ya vinanda iliyomwajiri ilipofunga ofisi yake, chumba cha nyuma cha nyumba yao kikawa ndiyo ofisi. Na sheria ni hiyo: chumba kikiwa cha kazi tu, gharama zake zote zinakupunguzia kodi, ukimlaza mtu humo, umekikosa. Volkmar ndiye aliyejaza fomu ya kodi, akaandika "kazi tu" bila kupepesa jicho. Lakini baba mkwe wake, Mzee Onno, tangu afiwe na mkewe usingizi ulimkimbia, ukawa unamrudia humo humo, mchana, akiisikia penseli ya binti yake ikikwaruza karatasi.

"Kiwekeni chini," Heilke akasema.

"Utatuponza, wewe!"

"Baba akija nimwambie amelazwa kwa Gerd pamoja na viazi?"

"Ni kitanda, Heilke, si baba yako."

"Basi kalale nacho wewe huko chini."

Gerd akakitua, akajishika kiuno, akaaga haraka kama mtu aliyesikia mvua inakuja.

Afisa alikuwa mama mmoja mnene, mpole, Bibi Tjarks. Hata koti hajavua, Heilke akamwambia, "Kile ni kitanda cha baba yangu. Hulala hapa kila mchana. Tuliandika vibaya, na sahihi yangu pia imo."

Volkmar akaangalia sakafu. Alingoja mkewe amtaje yeye, kalamu yake, ujanja wake. Heilke hakumtaja. Alimimina chai juu ya bonge la sukari, likalia kwa kupasuka, akaongeza malai ya maziwa kidogo.

"Unajua unachopoteza?" Bibi Tjarks akauliza.

"Najua. Chumba."

"Chumba kimekwenda, ndiyo. Zitabaki siku ulizofanyia kazi nyumbani. Hizo zina kiwango chake cha kupunguziwa kodi, kidogo, lakini hakiulizi habari za kitanda. Na kwa kuwa umesema kabla sijauliza, tutasahihisha hapa hapa."

Afisa alikuwa kwenye kikombe cha tatu, maana kwa desturi ya huko kuondoka kabla ya hapo ni utovu wa adabu, Mzee Onno alipoingia.

"Nani huyu?"

"Mtu wa kodi, baba."

"Naye amekuja kulala?"

"Hapana, mzee," Bibi Tjarks akasema. "Ingawa natamani."

Mzee akajinyoosha. Heilke akarudi mezani, penseli ikaanza. Punde yule mzee akawa anakoroma, na mtu wa serikali akawa anauliza maswali yaliyobaki kwa kunong'ona.

Volkmar akatia sahihi kwenye masahihisho. Hofu iliyomkaa tangu barua ya afisa ifike ilikuwa imetoka, na aliyeitoa hakuwa hata anamtazama. Heilke alikuwa ameinamia bomba lake la karatasini, akilipima mdomo, pale sauti itakapotokea.