Uzio wa Panzi

Panzi wa kwetu ni mjanja. Akitulia chini ni udongo mtupu. Unaweza kumkanyaga usimwone. Ukimkaribia anaruka kwa mlio wa kijiti kinachovunjika na kukuonyesha mabawa mekundu yenye utepe mweusi, kisha anatua mbele kidogo na kuyafunga. Wewe unabaki unatafuta chekundu, na chekundu hakipo tena.

Utotoni tuliwafukuza, mimi na mdogo wangu Hilda, tukiwapeleka mbuzi wa mama kunywa kwenye visima vya mchangani, mtoni, hapa Gulwe. Mimi nilibaki na mbuzi. Hilda alisomeshwa kwa mbuzi hao hao mpaka chuo kikuu, na sasa anaishi mjini, Ipagala, kazi yake kuchunguza wadudu. Sikumwonea wivu.

Mwaka juzi alikuja na wenzake wa mradi wa kuhifadhi wadudu, wakapiga magoti kwenye njia yetu ya mbuzi, uwanda mgumu usioota hata jani. Wakasema panzi wa aina ile hawajamwona kwingine. Hilda alimweleza mama kwa subira kwamba jike hutoboa udongo kwa mkia, hutaga, hufunika mayai kwa povu, nayo hukaa humo kiangazi kizima yakisubiri mvua. Kwato za mbuzi zinayaponda, alisema. Mama akakubali wazungushie uzio wa waya, kwa sababu mwombaji alikuwa mwanawe. Nilipouliza mbuzi watapita wapi kwenda majini, Hilda akajibu wazunguke tu.

Kuzunguka ni kuvuka reli. Nililisema hilo kwenye mkutano wa kijiji, nikaambiwa napinga maendeleo. Kiangazi kikakaza. Siku moja mbuzi wenye kiu walinusa maji ng'ambo ya tuta la reli, fimbo yangu haikuwazuia, na treni ya mizigo ikawakuta juu ya reli. Dereva alipiga honi kutoka mbali, simlaumu. Wachache waliopona tuliwauza mama alipougua. Mama yangu, aliyekuwa akichinja mbuzi kila alipopata mgeni, sasa anasubiri nimletee unga. Tulimpigia Hilda simu, akalia, akasema pole. Pole yake nilichukia kuisikia.

Mvua zikanyesha. Ndani ya uzio nyasi zikapanda hadi magotini, nzuri kweli, na hakuna wa kuzila. Hilda alikuja akazipekua tangu asubuhi mpaka jua likamchoma shingo. Hakuruka hata panzi mmoja.

Alirudi nyumbani akaketi mkekani karibu na mama. Akasema panzi wale wanataka ardhi tupu, waote jua na wamwone adui akija, nyasi zimewamaliza.

"Waliokuwa wakiiweka tupu ni mbuzi," alisema. "Tulikosea, mama."

Mimi nilikuwa na maneno mengi, nikayameza kwa ajili ya mama.

Hilda akageukia kwangu. Alisema ameshaongea na wakubwa wake: waya utang'olewa, na mradi utanunua mbuzi wapitishwe pale kila siku, huenda panzi waliobaki mahali fulani wakarudi. Akaniomba niwachunge.

Mama akainua uso. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu siku ya treni.

"Na mimi nitarudishiwa hata jike mmoja?"

Hilda akatazama mkeka.

"Hao ni wa panzi, mama."